Kufunga Mzigo Unyanyembe

Msafara wa karne ya kumi na tisa ukifika Unyanyembe kutoka pwani ulivunjwa. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopatana kwa safari ya kutoka Bagamoyo walilipwa wakaenda kwao, marobota yakafunguliwa, yakahesabiwa na kufungwa upya, na watu wengine wakatafutwa kwa safari ya Ujiji au Karagwe. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mji wa Unyanyembe ambao ndio Tabora ya leo, Novemba 1857, wakakaribishwa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, na wiki zikapita kabla hawajashika njia ya Ziwa Tanganyika. Wasafiri wa Kizungu walichoshwa na kukaa huko. Mimi naona ndipo kazi ilipokuwa ikifanyika.

Kazi yangu ni kuhamisha seva pepe kutoka wingu la kampuni moja kwenda la kampuni nyingine, na nikiwa Tabora najihisi nimefika kwa wakubwa wangu wa kazi. Seva pepe ni kompyuta kamili iliyohifadhiwa kama mafaili, ikiendeshwa ndani ya mitambo ya mtu mwingine. Leo iko Cape Town, ambako Amazon walifungua vituo vyao 2020. Kesho mwenyewe anaitaka Johannesburg, kwa Microsoft waliofungua huko 2019 au kwa Google waliofuata 2024. Kwa kuwa ni mafaili, mteja hudhani kuhama ni kunakili. Kunakili ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Ufundi uko katika kujua kila kitu ambacho seva inakiegemea na ambacho hakimo ndani yake, na kulegeza kamba hizo moja moja kabla ya siku ya safari.

Mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chakula chake na silaha yake. Kitambaa kilifungwa robota refu, likavikwa mkeka na kukazwa kwa fito zenye panda, ili aliegemeze mtini bila kugusa unyevu wa ardhi na aliinue tena bila kuinama sana. Nyaya za shaba zilining'inizwa kwenye ncha mbili za mti na kubebwa begani. Kila bidhaa ilipewa umbo la bega litakaloibeba. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa waliofungwa, na hilo halisahauliki. Ninaowasifu hapa ni wapagazi wa ujira, watu huru waliojua thamani ya kazi yao na walioweka mzigo chini ulipozidi kipimo.

Wingu nalo lina bega lake. Azure, wingu la Microsoft, haipokei diski ya aina ya VMDK; inataka VHD ya ukubwa usiobadilika, tena ukubwa huo uwe megabaiti kamili, bila baki. Ndani ya diski hiyo lazima ziwemo draiva za Hyper-V, programu inayoendesha seva pepe za huko, na ziwe zimeingizwa kwenye initramfs, lile fungu dogo linalosomwa kwanza seva inapowaka. Zisipokuwemo, seva itafika salama na haitaiona diski yake yenyewe, na draiva inazozihitaji zitakuwa zimelala humohumo ndani ya diski isiyoonekana. Kwa hiyo huwekwa nyumbani, kabla ya kuondoka, wakati seva bado haizihitaji.

Lakini mahali ninapopapenda zaidi ni faili fupi liitwalo fstab, linaloiambia Linux diski ipi iwekwe wapi. Lifungue kwenye seva iliyolelewa Amazon miaka mingi: pengine utakuta mstari usemao kwamba hifadhidata iko /dev/xvdf. Jina hilo diski imepewa na nyumba inamokaa. Ikifika Azure diski ileile yaweza kuitwa /dev/sdc, na seva itaitafuta xvdf, iikose, isimame katikati ya kuwaka. Tena huko /dev/sdb mara nyingi ni diski ya muda, ambayo yaliyomo hupotea seva ikihamishiwa mtambo mwingine. Aliyeliandika jina hilo kwa mazoea ameweka hifadhidata mahali pasipo ahadi. Fundi hulifuta jina la nyumba na kuandika UUID, namba iliyochorwa kwenye mfumo wa faili wenyewe, ambayo husafiri nao popote. Kisha huiwasha seva upya palepale ilipo, kwenye wingu la zamani, ahakikishe inajitambua kwa namba hiyo. Ni mstari mmoja tu, wala mteja hatauona kamwe.

Orodha nayo inataka moyo. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, watumishi wake Susi na Chuma waliwakusanya wenzao, masanduku yakafunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika kilichomo. Mwili wenyewe ulikuwa haujaanza safari yake ya kwenda pwani. Namwonea fahari mwandishi yule. Kwenye seva huorodheshwa kazi zinazojiendesha usiku, leseni zilizofungwa kwa mtambo mmoja, vyeti vinavyokaribia kuisha, na hasa watu wa nje wanaoijua seva kwa anwani yake ya zamani: benki inayopokea maombi kutoka anwani moja tu, mtandao wa simu unaorudisha majibu ya malipo pale pale ulipozoea. Hayo hayasomeki kwenye diski. Huulizwa, tena kwa mhasibu mara nyingi kuliko kwa fundi mwenzako.

Januari 1867 Livingstone alipoteza sanduku lake la dawa. Kijana mwangalifu aliyelibeba, Baraka, alikuwa amebadilishana mzigo kwa muda na mtu mwingine, na mtu huyo akatoroka nalo. Kwinini yote ilikuwa mle. Tangu niliposoma habari hiyo siiachi nakala pekee ya kitu chochote ivuke mikono wakati wa kuhama, na funguo za siri hukaa mahali pawili.

Wanyamwezi walipanga safari kwa majira: kiangazi njiani, masika shambani. Sisi majira yetu ni mwisho wa mwezi na siku za kodi. Terabaiti moja kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua saa 22, hata kusiwe na hitilafu, kwa hiyo data hutumwa wingu kwa wingu bila kupita ofisini. Mikono ya fundi ndiyo inayovuka bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, intaneti ya Tanzania ilizorota. Tangu hapo naandika kazi ya kuhama ijiendeshe yenyewe hukohuko, na iwe na njia ya kurudi nyuma ikiwa sionekani. Hongo, ule ushuru wa njiani wa misafara, nayo huulizwa mapema: mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft walitangaza kuwasamehe ada ya kutoa data wateja wanaohama kabisa, lakini msamaha huo una masharti yake, na huombwa kabla ya kuanza. Na kama ndani mna taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ina la kusema kuhusu kuzivusha mpaka.

Susi na Chuma walipofika Unyanyembe, Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wamzike bwana wao hapo. Walikataa. Mbele, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite, nao wakautoa mwili kwenye gome la mti, wakaufunga mithili ya robota la kitambaa la kila siku, na kutuma furushi la uongo lirudi nyuma kana kwamba linakwenda kuzikwa. Februari 1874 walifika Bagamoyo, mwili na shajara zikiwa salama. Kisha mzigo ukahitaji wenyewe: Horace Waller alipozihariri shajara zile Uingereza mwaka huohuo, Susi na Chuma walifika kukaa naye na kumweleza yale ambayo maandishi peke yake hayakuweza kueleza. Ndiyo sababu mkataba wangu hauishi siku seva inapowaka upande wa pili. Nabaki mpaka hesabu za mwisho wa mwezi zifungwe, seva ya zamani ikiwa imezimwa lakini haijafutwa, na mhasibu akipiga simu napokea.