Ridhaa Mbele ya Masikio ya Nani?

Katika mwaka 2017 chama cha wasaidizi wa jamii cha Marekani, NASW, kilitengeneza upya kanuni zake za maadili, nazo zikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kwa kazi ifanywayo kwa simu na kompyuta zaagiza hivi: katika mazungumzo ya kwanza, kabla ya huduma kuanza, mtu aombwe ridhaa yake, tena ihakikishwe yeye ni nani na yuko wapi. Agizo jema, asiyejua mtu alipo atampelekeaje msaada saa ya hatari?

Lakini neno moja limekosa mahali pake. Fikirini mwanamke apigwaye na mumewe. Asema, “Nakubali”, na mume ameketi karibu, haonekani. Je, hiyo ni ridhaa? Kweli, kifungu kingine chakataza kuzungumza siri pasipo faragha. Lakini faragha haifuati ridhaa, bali yaitangulia. Ofisini msaidizi hufunga mlango mwenyewe. Kwa simu, mlango uko mkononi mwa mwingine. Basi aulize kwanza, “Uko peke yako?”, swali lijibiwalo kwa ndiyo au siyo tu. Jibu likitia mashaka, wapange saa nyingine.