Sifa za Wasomao Pete za Miti

Katika kazi zote alizozibuni mwanadamu ili apate kujua yaliyotangulia kuzaliwa kwake, naiona kazi ya kusoma pete za miti kuwa haijapewa bado sifa inayoistahili. Kwani mwenye kazi hiyo hatafuti hazina za wafalme wala nyaraka za wanavyuoni, bali huridhika na gogo lililoanguka kando ya njia, akaketi nalo kwa subira, akalisaili mwaka baada ya mwaka mpaka likamweleza habari za mvua zilizonyesha na za zile zilizokataa kunyesha. Sisi wakazi wa Kigali, mji ambao Richard Kandt aliuwekea msingi mwaka 1907, tukimsikiliza mzee wa mtaa wa Biryogo akisimulia barazani aliyoyapokea kwa babu yake, hudhani kuwa tumeufikia mwanzo wa dahari. Kumbe huko Marekani, katika milima ya White Mountains ya jimbo la California, umesimama msonobari mmoja uliochipua kabla Piramidi Kuu ya Giza haijajengwa, nao hata leo ungali hai.

Msonobari huo haupendezi machoni. Umeota pahala palipokaribia mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, katika ardhi ya mawe meupe isiyo na rutuba, penye upepo mkali na mvua haba. Sehemu kubwa ya shina lake ilikwisha kufa zamani, na uhai umebaki katika ukanda mwembamba wa gome unaoyalisha matawi machache. Mtu angedhani kuwa dhiki hiyo ingeuua mti, ilhali dhiki ndiyo iliyouhifadhi, maana kwa kukua polepole mno hupata mbao ngumu iliyoshiba utomvu, isiyoingiliwa kwa wepesi na kuvu wala wadudu, na hata baada ya kufa shina lake hukaa maelfu ya miaka bila kuoza. Edmund Schulman wa Chuo Kikuu cha Arizona ndiye aliyeuchunguza mwaka 1957 na kuupa jina la Methuselah, na umri wake hivi sasa wapita miaka 4,800. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuiona sifa ya kazi yake: alifariki Januari 1958 kabla hajatimiza miaka 50, na makala yake juu ya miti hiyo yakatoka katika jarida la National Geographic mwezi Machi wa mwaka ule ule.

Chombo cha wasomi hawa ni kekee ndefu yenye uwazi ndani, ambayo huzungushwa kwa mikono mpaka ikakaribia kiini cha mti, kisha hutolewa nayo kijiti chembamba cha milimita 5 hivi, na mti ukaachwa uendelee na maisha yake. Kijiti hicho hugandishwa katika mfereji wa ubao, kikapigwa msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini, kisha ulio laini zaidi, hata chembe za mbao zikaonekana moja moja chini ya hadubini. Hapo ndipo msomaji anapoanza kuhesabu huku akitia alama kwa ncha ya sindano: kila mwaka wa kumi nukta moja, wa hamsini nukta mbili, wa mia nukta tatu. Ni kazi ya kuumiza macho na shingo, nami sijui kazi nyingine ambamo karne nzima hupita chini ya kidole kwa masafa madogo hivyo.

Lakini kuhesabu si ufundi wenyewe. Hata mtoto aweza kuhesabu. Ufundi ni kutouamini mti mmoja. Katika mwaka wa ukame mkubwa mti huweza usitie pete kabisa upande ule uliotobolewa, na katika mwaka wa jua na mvua zilizopishana huweza ukatia pete ya uongo. Kwa hiyo msomaji mwenye hadhari hulinganisha mti na jirani yake, na jirani na jirani wa mbali, akitazama jinsi pete nyembamba na pana zinavyofuatana, mpaka mashahidi wote wakubaliane. Waliosoma chuoni elimu ya hadithi za Mtume wataitambua njia hii bila kufundishwa, kwani nao walifunzwa kwamba riwaya ya mpokezi mmoja haina nguvu ya ile iliyopokewa na wengi, na kwamba sanadi ikikatika katikati habari yote hutiliwa shaka.

Mwenye kuiweka njia hiyo juu ya msingi madhubuti alikuwa mnajimu, A. E. Douglass, aliyeiendea miti kwa sababu ya kutaka kujua habari za madoa ya jua. Kwa miaka mingi alikuwa na silsila mbili za pete, moja ikianzia miti iliyo hai na kurudi nyuma, nyingine ikitoka katika magofu ya wenyeji wa kale wa Arizona na jirani zake, bila kujua pengo baina yake ni la miaka mingapi. Hata mwaka 1929, katika kijiji cha Show Low, likafukuliwa gogo lililoungua ambalo pete zake ziliziunga silsila zote mbili, na magofu yakapata tarehe zake. Baada yake C. W. Ferguson aliunga misonobari hai na mizoga ya ile iliyokufa hata akapata mwaka 1969 silsila ya miaka 7,104 isiyokatika. Mbao hizo hizo ndizo zilizoonyesha kuwa kipimo cha umri kwa kaboni-14, alichokibuni Willard Libby, kilihitaji kusahihishwa, na majengo ya kale ya mawe huko Ulaya yakaonekana kuwa na umri mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Katika sifa zote za kazi hii, hiyo naiona kuwa kubwa kabisa, kwamba gogo liliweza kuisahihisha fizikia.

Doa lipo pia, wala haifai kulificha. Mwaka 1964, katika mlima Wheeler Peak wa Nevada, mtafiti kijana Donald Currey alipewa ruhusa ya kuukata msonobari mmoja, na zilipohesabiwa pete zake zikawa 4,862. Kwa hiyo mti uliokuwa mkongwe kuliko yote iliyojulikana ulifahamika umri wake baada ya kuuawa.

Sasa na tuitazame nchi yetu, ambako kazi hii ni ngumu zaidi, na kwa sababu hiyo yastahili heshima zaidi. Mti hutia pete kwa kuwa hupumzika. Huko kwenye majira ya baridi kali pumziko ni moja kwa mwaka, ama Rwanda tuna mvua za itumba na mvua za umuhindo, na baina yake kiangazi kirefu cha impeshyi na kifupi cha urugaryi, basi mti hujikuta ukilala mara mbili au usilale kabisa. Nenda Gisozi kwa maseremala, uinamie kichwa cha ubao wa msonobari uliotoka kupigwa randa: utaona ukanda mweupe na mpana, kisha ukanda wa hudhurungi. Pahala pengine hudhurungi hiyo hukoma ghafula, kama iliyokatwa kwa kisu, na hiyo ndiyo pete ya kweli. Pahala pengine huingia polepole na kufifia polepole, na hiyo ni pete ya uongo, alama ya mti uliosita kidogo ukaendelea. Seremala hutofautisha mbao nyepesi na nzito, naye ana haki, maana riziki yake imo humo; msomi wa pete hutofautisha kusita na kulala.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kuwa miti ya nchi za joto haisomeki, wakaiacha. Waliokataa kuiacha walitumia hila za kupendeza. Katika hifadhi ya Luki, magharibi mwa Kongo, miti ilipigiliwa misumari mwaka 1948 ili ipate kutambulika. Miongo kadhaa baadaye watafiti wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ambalo limehifadhi vipande zaidi ya 50,000 vya mbao, walilitafuta kovu la msumari ndani ya shina, wakapima yote yaliyoota baada ya kovu, wakajua kwa yakini jinsi miti ya kivulini ikuavyo polepole. Wengine hutumia kaboni iliyoenea hewani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo kilele chake cha miaka ya 1960 kimeandikwa ndani ya miti ya dunia nzima. Katika miombo ya Tanzania, Valerie Trouet na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba pete zimeweka athari ya El Niño. Na huko Gazi, kusini mwa Mombasa, Anouk Verheyden na wenzake walithibitisha mwaka 2004 kuwa mkoko nao hutia pete kila mwaka, vishipa vyake vya maji vikiwa haba wakati wa mvua na vingi wakati wa kiangazi. Msomaji wa pwani na atafakari: mkoko ndio boriti, na boriti ndizo zilizopimia upana wa vyumba vya Lamu na Unguja, na ndizo zilizopakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba.

Hapa Rwanda mti wenye historia kubwa kuliko yote ni umuvumu, uliopandwa penye makao ya wafalme na kubaki pale baada ya nyumba kutoweka. Lakini, ajabu ya mambo, jamii ya mivumu haina tabia ya kuandika pete zilizo wazi. Inatubidi tuwaulize wengine: miyove ya Nyungwe, msitu ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023, na miti ya bustani ya Ruhande, Huye, iliyoanza kupandwa katika miaka ya 1930 na ambayo kwa hiyo ilikuwa michanga wakati wa njaa ya Ruzagayura, mwaka 1943 na 1944. Wazee walizipa njaa majina ili zisisahaulike, na mti uliopandwa kwa tarehe ijulikanayo ndio shahidi wa kwanza wa kuwekwa kando ya kumbukumbu hizo.

Kwa hiyo nawaomba wenye misumeno, na maofisa wa wilaya, na kila atakayeukuta mti mkubwa ulioangushwa na dhoruba katika barabara zetu: kabla haujapasuliwa kuwa kuni na makaa, kateni kisahani kimoja cha shina chenye unene wa vidole vinne, andikeni nyuma yake jina la mti, pahala ulipoanguka, tarehe, na mwaka uliopandwa ikiwa yupo aujuaye, mkakianike kivulini, kisha mkakipeleke Chuo Kikuu cha Rwanda.