Wakutubi wa Zama za Kadi
Wakutubi wa Tanzania walioanza kazi miaka ya 1980 wanastahili pongezi, kwani walilelewa na katalogi ya kadi, yaani droo za kadi zilizopangwa kwa mwandishi, kichwa cha kitabu na mada, kisha wakajifunza ukubwani katalogi ya kompyuta, kama ile ya Koha, programu huria iliyobuniwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Ugumu mkubwa ulikuwa kuamini kumbukumbu isiyoshikika mkononi. Hata hivyo, ujuzi wao wa kuainisha, yaani kukipa kitabu namba ya mada yake kwa mfumo wa Dewey uliochapishwa mwaka 1876, haujapitwa na wakati, maana kompyuta hupata tu kile ambacho mkutubi amekieleza kwa usahihi, na katika usahihi huo, jambo lisilosemwa vya kutosha, wazee hao bado ni walimu wa vijana.