Amri ya Shule ya Mwaka 1763

Amri ya shule aliyoitoa Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia katika Ujerumani, mwaka 1763, yastahili kupimwa na kila apendaye elimu. Aliyeitunga ni mchungaji Johann Julius Hecker. Yawaagiza wazazi wawapeleke watoto shuleni tangu miaka 5 hata 13 au 14, wapate kujua dini, kusoma na kuandika. Tena yataka walimu wapimwe kwanza. Hayo ni mema sana, kwa kuwa mtoto wa mkulima naye ahesabiwa kuwa mwenye akili, awezaye kujisomea Maandiko.

Lakini kasoro yake ni kubwa. Mchungaji alitaka mtoto afahamu. Mfalme alitaka raia mtiifu, na gharama akawaachia wazazi na vijiji. Mwaka 1779 aliandika ya kuwa watu wa shamba yawatosha kujua kidogo, wasije wakakimbilia mijini. Mwaka uo huo akaagiza askari waliolemaa, wajuao kusoma, wapewe ualimu, ili wapate riziki.

Basi, wasomaji, shule imwogopayo mwanafunzi afahamuye haijawa shule bado, ijapokuwa ina amri ya mfalme.