Skauti, Rasimu na Kipaji: Maneno Yanayompotosha Mzazi

Mwalimu mmoja wa michezo wa Nshamba, wilayani Muleba, ametuletea ukurasa wa tafsiri akiomba tuupime. Ukurasa huo, usio na jina la mfasiri, unaeleza jinsi timu za besiboli za Marekani zinavyotafuta vijana. Wazazi wa huko wanaupitisha mkono kwa mkono tangu waliposikia habari za Umar Male na Ben Serunkuma, vijana wa Uganda waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Uganda ni jirani wa Kagera, na habari za namna hiyo hazihitaji pasi kuvuka mpaka.

Kosa la kwanza linachekesha. Watu wanaozunguka viwanjani kupima vijana wameitwa "skauti". Kwa Mtanzania, skauti ni kijana mwenye skafu shingoni, apigaye saluti siku za sikukuu. Watangazaji wetu wa kandanda wamekwisha kutupatia "msaka vipaji", na sioni sababu ya kuliacha.

La pili halichekeshi. Utaratibu wa timu kuchagua vijana kwa zamu, ulioanza mwaka 1965, umeitwa "rasimu". Hapana shaka mfasiri alifungua kamusi akachukua maana ya kwanza aliyoikuta. Rasimu ni andiko lisilokamilika; kijana hawezi kuchaguliwa "katika rasimu" isipokuwa awe kifungu cha sheria. Napendekeza "uteuzi wa zamu". Hata hivyo neno sahihi peke yake halitoshi, kwa kuwa uteuzi huo ni wa wakazi wa Marekani na maeneo yake kama Puerto Rico, pamoja na Kanada. Male na Serunkuma hawakupitia huko. Walitia saini na timu moja kwa moja, kama wafanyavyo vijana wa nchi nyingine. Kumwambia mzazi wa Nshamba kwamba mwanawe asubiri "rasimu" ni kumngojesha basi katika barabara lisikopita.

Lakini lililonisumbua zaidi ni "kipaji", maana halionekani kuwa na kosa. Kila anapotajwa kijana anayetarajiwa kufika mbali, mfasiri ameandika kipaji kimeonekana, kipaji kimepimwa, kipaji kimeachwa. Mtu amegeuzwa kitu. Zaidi ya hayo, kipaji ni kile ambacho mtu amekwisha kupewa, hali msaka vipaji hupima pia kisichokuwapo bado. Hutoa alama kati ya 20 na 80, ambapo 50 ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, kwa kupiga kwa shabaha, nguvu ya pigo, mbio, udakaji na urushaji. Na kwa kila stadi huandika alama mbili, ya leo na ya siku kijana atakapokomaa. Mvulana wa miaka 16 aweza kuwa na 30 leo na 55 ya matumaini. Tafsiri imeziita zote "kiwango cha kipaji". Mzazi akiiona 55 atasadiki kwamba mwanawe amekwisha kufika, amtoe shuleni amfuate wakala.

Nilipokwenda kumwona mwalimu huyo, mzee mmoja alinionyesha machipukizi chini ya mgomba wake. Lenye majani membamba kama upanga huachwa. Lenye majani mapana hukatwa, ingawa ndilo lipendezalo macho. Nilidhani nimepata istilahi. Nimeiacha, kwa sababu "chipukizi" ni kila kijana, na siasa nayo imekwisha kulichukua; halisemi kwamba mtu amepimwa. "Mtarajiwa" linasema. Tunalo katika "mke mtarajiwa", na kila alisikiaye ajua kwamba harusi bado. Basi na tuseme "mchezaji mtarajiwa", na alama zake ziwe "alama ya sasa" na "alama tarajiwa".

Nimemrudishia mwalimu ukurasa wake na masahihisho hayo. Ameniuliza kama aweza kuchapa alama ya sasa kwa tarakimu kubwa kuliko ile nyingine. Nimemjibu kwamba hilo si suala la istilahi, lakini afanye hivyo.