Motokari zina uhai kuliko watu: juu ya filimu «Grand Prix»

Filimu «Grand Prix» ya John Frankenheimer, Mmarekani, ilitoka mwaka 1966, na hata leo wapenzi wa mashindano ya motokari huitaja kati ya zile za kwanza kabisa. Tumeitazama mara mbili. Mara ya kwanza mbio zilitushika, hatukuuliza kitu. Mara ya pili tuliwatazama watu, na hapo tukaona njaa inayobaki baada ya karamu.

Sifa yake kwanza, maana ni kubwa. Sinema ilikuwa na desturi ya kumkalisha mchezaji ndani ya motokari iliyosimama, na njia ikapita nyuma yake juu ya kitambaa. Frankenheimer aliikataa. Alifunga kamera juu ya motokari zenyewe, chini, karibu na magurudumu, akaziachia zikimbie. Phil Hill, bingwa wa dunia wa mwaka 1961, aliendesha motokari yenye kamera katika mashindano ya kweli ya mwaka 1966. James Garner, ambaye katika hadithi ni Pete Aron, aliendesha kwa mikono yake mwenyewe. Ndiyo sababu, mbio zinapoanza Monaco katika njia nyembamba kati ya nyumba na bahari, tumbo la mtazamaji linakaza. Ukuta ni ukuta kweli. Tena kuna kazi ya Saul Bass: picha moja inagawanyika, zinakuwa mbili, nne, nyingi sana, na katika kila moja kuna jambo dogo, mkono unaokaza skuru, bomba la moshi linalotetemeka, jicho nyuma ya miwani. Hatujui kama kuna aliyeonyesha mwendo vizuri zaidi kabla yake.

Sasa watu. Wako madereva wanne, na kila mmoja amepewa alama moja tu, sawa mzigo uliobandikwa karatasi. Pete Aron ni Mmarekani mwenye bahati mbaya: Monaco anagongana na mwenzake wa timu, yeye anatupwa baharini, mwenzake anavunjika mwili, na bwana wao anamfukuza kazi. Huyo mwenzake, Scott Stoddard, Mwingereza, anaishi chini ya kivuli cha ndugu yake marehemu aliyekuwa dereva mashuhuri. Nino Barlini ni kijana Mwitalia anayecheka na kifo. Jean-Pierre Sarti, Mfaransa, amekwisha kuwa bingwa mara mbili, naye amechoka.

Mtu atasema: hiyo inatosha kuanzia. Ndiyo, inatosha kuanzia. Lakini baada ya karibu saa tatu bado tuko pale pale. Mtazame Stoddard. Anarudi kwenye motokari mifupa yake haijapona, anameza dawa ili avumilie maumivu. Hapa pana swali ambalo lingetosha kwa filimu nzima: huyu mtu anamtafuta nani? Anataka kumfuata ndugu yake, au anataka kumshinda hata kaburini? Tunaambiwa habari ya marehemu, tunaonyeshwa vitu vyake, kisha honi inalia, tunakwenda kwenye mbio nyingine. Mke wake Pat anamwacha akiwa kitandani na kumwendea Aron, baadaye anarudi. Na katika kwenda na kurudi kwake hatuoni sababu isipokuwa kwamba hadithi ilihitaji mwanamke atembee.

Hapana budi kumtoa mmoja katika lawama. Yves Montand, aliyemcheza Sarti, ana uso wenye uchovu ambao mwandishi hakuuandika. Kuna mahali Sarti anaeleza kwamba akiona ajali mbaya mbele yake hapunguzi mwendo. Anakanyaga zaidi, kwa sababu anajua wengine wote wanapunguza. Pale tu, kwa maneno hayo machache, mbio na mtu vinakuwa kitu kimoja. Tunamwogopa, tunamhurumia pia. Laiti kila mmoja wao angepewa neno kama hilo! Lakini huyu huyu Sarti, kule Spa, katika Ubelgiji, motokari yake inatoka njiani katika mvua na kuua watoto wawili waliokuwa wakitazama. Anahuzunika, anasema amechoka. Kisha filimu inaharakisha kwenda mbele. Watoto wawili! Filimu iliyotumia dakika nyingi juu ya nati na mabomba haikuwa na nafasi ya kukaa karibu na wafu hawa.

Tuzo zenyewe zinashuhudia jambo hili. Mwaka 1967 «Grand Prix» ilipata Oskari tatu: ya sauti, ya kelele zilizotengenezwa, na ya kuunganisha picha. Mchezaji hakupata hata moja. Afadhali tuseme pia juu ya Toshiro Mifune, mchezaji mkubwa wa Japani, anayemcheza tajiri Yamura: sauti inayosikika kinywani mwake si yake, ni ya mtu mwingine aliyesema Kiingereza mahali pake.

Mtu akituuliza: basi kuna hasara gani, watu si wanakuja kuona mbio? Jibu liko Monza, mwisho wa filimu. Sarti anagonga kipande cha bomba kilichoanguka kutoka motokari nyingine, anaruka nje ya njia, anakufa. Louise, mwandishi wa gazeti aliyempenda, anawageukia watu wenye kamera na waliojaa kutazama, anawaonyesha mikono yake yenye damu, anawapigia kelele kama hiki ndicho walichokitaka. Hukumu hiyo ni ya haki. Lakini inawaangukia pia Frankenheimer na sisi tuliokaa gizani. Tulifundishwa kungoja ajali, hatukufundishwa kumjua mtu. Basi akifa, tunashtuka, hatulii. Umati ule wa Monza ulimjua Sarti kwa jina na kwa rangi ya motokari yake. Je, sisi tulimjua zaidi sana?

Wanafunzi wa teolojia ya adili watakumbuka swali la kale: mtu anaruhusiwa kuhatarisha uhai wake kwa sababu ya uzito gani? Filimu ingeweza kulitia nyama na mifupa. Madereva wengi wa kweli wanaonekana ndani yake, na nyuso zao zinasema kuliko maneno ya wachezaji. Mmoja wao, Lorenzo Bandini, Mwitalia, aliungua katika motokari yake kule Monaco mnamo Mei 1967, akafa siku tatu baadaye. Anayejua habari hiyo hawezi tena kuzitazama picha zile kwa moyo ule ule.

Kwa wanaoonyesha filimu katika sale za parokia: ni ndefu, ina mapumziko katikati, na inataka kioo kikubwa na sauti nzuri, la sivyo inapoteza nusu ya nguvu yake. Sababu ya ndoa zinazochezewa ndani yake, tunaiweka kwa watu wazima. Katekista atakayefanya mazungumzo baadaye asianze na swali la nani alishinda. Awaulize watazamaji wale watoto wa Spa walikufaje, aone ni wangapi wanaowakumbuka.