Kifaru Chenye Jina, Wapagazi Wasio na Majina

Babu wa babu yangu simjui hata kwa jina, lakini kuna kifaru kimoja cha Kijerumani ninachokijua kuanzia namba yake hadi siku kilipotekwa. Namba ni 131. Kiko Bovington, kusini mwa Uingereza, katika makumbusho ya vifaru. Wajerumani walikiita Tiger, yaani simbamarara. Kina uzito wa tani zipatazo 57, na ndani walikaa watu watano.

Bovington sijafika. Kifaru hiki nimekitazama kwenye simu, kikizunguka uwanjani siku ya Tankfest, tamasha la kila mwaka ambapo makumbusho huwasha mashine zake na kuzipitisha mbele ya umati. Ninachokihakiki hapa ni hicho tunachoonyeshwa sisi tulio mbali.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Kifaru hiki kilitekwa Tunisia mwezi Aprili 1943. Risasi ya mzinga ilikwama chini ya mnara wake, ukashindwa kugeuka, na waliokuwemo wakakitelekeza. Mfalme George wa Sita na Churchill walikwenda kukitazama huko huko Afrika. Kikasafirishwa hadi Uingereza, na mwaka 1951 kikakabidhiwa makumbusho. Matengenezo yalianza mwaka 1990, na mwaka 2003 kikatembea tena kwa injini. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba kilitekwa mahali pengine. Utafiti wa baadaye ukaonyesha ni kwenye kilima cha Gueriat el Atach, tarehe 24, na maelezo yakasahihishwa. Makumbusho yanayokubali kurekebisha hadithi ya nyota wao mkubwa yanauheshimu ukweli.

Mwaka 2017 makumbusho hayo yaliazima Elefant kutoka Marekani, yakaliweka pamoja na Tiger, King Tiger na Jagdtiger. Ndugu hao wakawa chini ya paa moja. Hapo ndipo nilipoanza kusita. Magari yakipangwa kama ndugu yanapata nasaba, na chenye nasaba hupendwa haraka. Tunajua lipi lilitangulia, lipi lilisumbuliwa na injini. Waliosimama mbele ya magari hayo hawana nasaba pale.

Gwaride huzidisha tatizo. Ndani ya jumba, kibao kinaweza kunisimamisha nisome. Uwanjani kuna moshi na mngurumo, mtangazaji anataja unene wa chuma, watoto wanapiga makofi. Hata mimi hufurahi, na sioni sababu ya kujifanya sifurahi. Wala si jambo la Waingereza peke yao: kwetu pia, katika sherehe za Uhuru, magari ya jeshi yamepita na tukashangilia. Gari la vita kwenye gwaride limeoshwa, halina mzigo wala majeruhi, na dereva anajua njia inaishia wapi. Vitani mambo hayo yote huwa kinyume.

Kuna mtu mmoja anayeiunganisha Bovington na Dar es Salaam. Mwaka 1923 mwandishi Rudyard Kipling alitembelea kambi hiyo, akashauri vifaru vya zamani vihifadhiwe kwenye makumbusho. Umma ukafunguliwa milango mwaka 1947. Kipling huyo huyo ndiye aliyetunga maneno ya Kiingereza yaliyo kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya jiji letu, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maneno hayo yanawataja wapagazi, tena kama viungo vya mwili wa jeshi. Lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Afadhali Nairobi, ambako mmoja kati ya watu watatu wa shaba ni mpagazi.

Wapagazi wanahusika na mada hii kwa sababu katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hapa Afrika Mashariki, wao ndio waliokuwa magari. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe. Mvua ilizamisha malori kwenye matope. Mzigo ukapanda kichwani mwa mtu. Wanahistoria wanakadiria kuwa upande wa Waingereza peke yake ulitumia wapagazi karibu milioni moja, na kwamba zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kikosi chao, Carrier Corps, kimetuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Tunakwenda huko kununua vitenge na nyanya.

Basi linganisha. Cha kifaru tunajua kilima, siku na risasi iliyokisimamisha. Cha mpagazi, mara nyingi hatujui hata kaburi. Simshutumu mtu kwa chuki. Makumbusho ya magari hukusanya kilichobaki, na chuma hubaki. Mwili hauwezi kutiwa vipuri ukawashwa tena. Ndiyo maana kauli kwamba kazi yao ni kuhifadhi vitu tu hainitoshi: anayechagua kitu cha kuhifadhi amechagua pia nani atakumbukwa.

Sitaki vifaru vifungiwe. Nataka kila gari jipya linapoingia kwenye makumbusho, popote pale, kibao chake kijibu: nani alibeba mafuta yake, nani alilitengenezea njia, nani alikuwa mbele yake liliposonga. Kama jibu halijulikani, iandikwe hivyo, kwa herufi kubwa sawa na zile za unene wa chuma. Na siku ya gwaride, kabla injini ya kwanza haijawashwa, wapite watu kwa miguu, wengi, kila mmoja na kilo 25 kichwani, bila muziki. Itachukua muda mrefu na umati utachoka. Uchovu huo utakuwa sehemu ya kwanza ya gwaride kufanana na vita.